Jibini yangu chungu: kumbe tatizo ni bakteria wasiokufa kwa wakati

MkamuajiNjombe (mwanzisha uzi)

Wakuu heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Mwaka juzi nilitupa jibini 14 nzima, kila moja kilo nne. Wanaojua kazi hii wanajua kilo moja ya jibini inakula karibu lita kumi za maziwa, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Kwa macho zilikuwa safi: ganda la manjano, ukizigonga kwa kidole zinaitika vizuri, ndani hakuna matundu ya ajabu. Wiki ya tatu ukionja ni tamu, ina ladha ya mtindi kwa mbali. Wiki ya saba nikachomoa kipande cha kuonja. Ule uchungu hauji mara moja. Unatafuna, unasema mbona iko poa, halafu ukimeza unapanda kutoka nyuma ya ulimi kama umelamba kidonge cha klorokwini, na hauondoki hata ukinywa chai.

Nikalaumu majani ya masika. Nikamlaumu kijana wa kukamua. Nikamlaumu ng'ombe mmoja ambaye kiwele chake kilikuwa na historia. Aliyeniuzia kalcha (mbegu ya bakteria wa kuchachusha maziwa ya jibini), simtaji, akanijibu kwenye simu kwamba bakteria wake ni wazima, wakali, hawafi ovyo. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba alikuwa ananitajia ugonjwa wenyewe.

Natengeneza Gouda, jibini ya Kiholanzi. Mbegu yake ni bakteria anayeitwa *Lactococcus lactis* pamoja na jamaa zake wachache, ni wa jamii hiyohiyo wanaogandisha maziwa lala. Kazi yao ya kwanza mnaijua wote: wanakula sukari ya maziwa, laktosi, wanatoa asidi laktiki, maziwa yanachachuka. Kazi hiyo inaisha ndani ya siku moja. Wakati huo gramu moja ya jibini changa inaweza kuwa na bakteria bilioni moja. Mimi nilidhani baada ya hapo wao basi, wamemaliza, kinachobaki ni stoo na subira. Kumbe kazi ya pili, ile inayoleta ladha, wengi wao wanaifanya wakiwa maiti.

Protini kubwa ya maziwa, kasini, ni mnyororo mrefu wa asidi amino. Reneti, ile dawa ya kugandisha maziwa, inaukata, halafu bakteria naye ana kimeng'enya chake, yaani protini inayokata kama kisu, kinachokaa nje, juu ya ngozi yake, kinaendelea kuukata. Vinapatikana vipande vya kati, peptaidi. Baadhi ya vipande hivyo, hasa vinavyotoka kwenye mkia wa beta-kasini, vimejaa asidi amino zinazopenda mafuta kuliko maji, na hivyo ndivyo ulimi unavyovisoma kama uchungu. Dawa yake ni kuvikatakata tena mpaka viwe vidogo sana, au vibaki asidi amino moja moja. Visu vya kazi hiyo bakteria anavyo, tena vingi: PepN, PepC, PepX na wengineo. Huyo PepX ndiye anayeshughulika na sehemu zenye asidi amino iitwayo prolini, ambako visu vingine vinagoma. Shida ni moja. Visu vyote hivyo viko ndani ya seli.

Yaani magogo yamerundikwa uani, shoka liko chumbani, na mlango umefungwa kwa ndani.

Bakteria akipasuka, shoka linatoka. Asipopasuka, magogo yanabaki uani na wewe unabaki na jibini ya klorokwini.

---

Mdau_wa_Mtindi

Naweka kambi hapa. Mkuu shusha nondo, ila swali: anapasuka vipi? Nani anampasua?

---

MkamuajiNjombe

Anajipasua mwenyewe mkuu. Hapo ndipo utamu ulipo.

Seli ya bakteria wa aina hii imejaa vitu ndani kiasi kwamba maji yanataka kuingia muda wote. Msukumo wa ndani unafika kama mara ishirini ya hewa inayotuzunguka. Tairi la Noah lako lina kama mara mbili hivi. Kinachomzuia asilipuke ni ukuta, na ukuta huo ni wavu: nyuzi ndefu za sukari mbili zinazopokezana, zimeshonwa pamoja kwa vipande vifupi vya asidi amino. Unaitwa peptidoglaikani.

Sasa fikiria mtu anayeishi ndani ya wavu uliofungwa pande zote na bado anataka kukua. Hawezi kukua bila kukata nyuzi mahali fulani, aingize mpya, ashone. Kwa hiyo ana mikasi yake mwenyewe ya kukata ukuta wake mwenyewe. Mikasi mikubwa ya *Lactococcus lactis* inaitwa AcmA. Watafiti wa Groningen, Uholanzi, walieleza jeni yake mwaka 1995. Kazi yake anapokuwa hai ni kuachanisha watoto: seli ikishajigawa mara mbili, AcmA inakata ukuta uliobaki kati yao ili kila mmoja aende zake.

Walipoiharibu jeni hiyo kwa makusudi, bakteria waliendelea kukua kama kawaida ila hawakuachana. Wakawa minyororo mirefu. Bomba lenye bakteria wa kawaida linabaki na ukungu juu mpaka chini, lenye wale wasio na AcmA bakteria wanatuama chini kama unga wa ugali uliosahaulika kwenye maji, juu kweupe. Na walipoachwa wakae bila chakula, hawakupasuka.

Kwa hiyo mikasi inayowaachanisha ndugu ndiyo inayobomoa nyumba baadaye. Laktosi ikiisha, ujenzi unalegea, lakini mikasi iliyoko tayari nje kwenye ukuta inaendelea kukata. Inafika mahali wavu unachanika, ule msukumo wa ndani unamaliza kazi.

---

Kogo_Eldoret

Ndugu yangu wa Njombe, mimi ni wa huku Uasin Gishu. Kogo (bibi) wangu anaweka mursik, maziwa yetu ya kuchacha, kwenye sotet (kibuyu) hata mwezi, na anapaka makaa ya mti wa senetwet ndani. Haijawahi kuwa chungu vile unasema, inakuwa tu kali. Hawa wetu wanakufa kwa wakati ama wanatumia njia gani?

---

MkamuajiNjombe

Kogo shikamoo yake. Mursik ni mji mwingine kabisa, kuna bakteria wa aina nyingi na chachu pia, si mbegu moja ya pakiti. Halafu huweki reneti. Kwenye jibini reneti inabaki ndani na inaendelea kukata protini kwa miezi. Asilimia kubwa ya magogo yangu nimeyaleta mimi mwenyewe kwa kijiko cha reneti. Ninyi hamna magogo mengi kiasi hicho.

---

Darubini

Mkuu umeeleza vizuri ila naomba nirekebishe mawili matatu, maana nimekaa maabara na hawa viumbe miaka kadhaa.

Kwanza, neno la kujipasua linafanya watu wafikiri bakteria anaamua kufa. Haamui. Ni mizani. Kukata na kujenga vinaenda pamoja, na bakteria ana breki nyingi za kuzuia mikasi isikate hovyo. AcmA ina sehemu mbili: kichwa kinachokata, na mkia wenye vishikizo vitatu vinavyoitwa LysM vya kuung'ang'ania ukuta. Watu wamejaribu kuongeza na kupunguza vishikizo, vitatu ndiyo vinafanya kazi vizuri zaidi. Na vishikizo hivyo havishiki kila mahali. Ukuta umefunikwa na nyuzi za asidi taikoiki zinazovizuia, kwa hiyo AcmA inashika hasa kwenye ncha na pale katikati seli inapojigawa. Hapo ndipo panapotakiwa kukatwa. Hiyo breki ya kwanza.

Breki ya pili: bakteria anaweza kuibandika sukari moja ya ukuta kikundi cha asetili, ukuta ukawa mgumu kukatika. Kimeng'enya kinachobandika kinaitwa OatA. Kikizidi, bakteria anakuwa sugu. Na ya tatu ambayo wauza kalcha wengi hawaisemi: kile kimeng'enya cha nje kinachokata kasini, PrtP, kinaikata na AcmA yenyewe. Kisu kinakula mkasi. Kwa hiyo mbegu mbili zenye jeni ileile ya AcmA zinaweza kutofautiana kabisa kwa kufa, kutegemea aina ya PrtP iliyopo.

Pili, jina. AcmA ilipewa jina kwa kudhaniwa inakata upande wa asidi muramiki, moja ya zile sukari mbili za ukuta, kama inavyofanya laisozaimu, ile ya kwenye machozi na ute wa yai aliyoigundua Fleming mwaka 1922. Baadaye, 2005, ikaonekana inakata upande wa pili, kwenye sukari nyingine, glukosamini. Jina likabaki la zamani. Kama mtaa unaoitwa Kwa Mzungu na mzungu mwenyewe aliondoka kabla ya Uhuru.

---

Mdau_wa_Mtindi

Darubini umetisha. Hivi mnajuaje huo mkasi upo? Hauonekani hata kwa darubini.

---

Darubini

Njia ninayoipenda ni hii. Unatengeneza jeli kama ile ya kutenganishia protini, lakini kabla haijaganda unachanganya ndani yake bakteria waliokwisha kufa, aina ya mikrokokasi ambao ukuta wao unakatika kirahisi. Jeli inakuwa nyeupe, kama uji mwepesi. Unapitisha protini za mbegu yako kwa umeme, zinajipanga kwa ukubwa. Kisha unaiosha ile jeli na kuiacha usiku kucha kwenye maji yenye kemikali inayozirudishia protini umbo lake. Asubuhi unainyanyua kwenye mwanga. Weupe umetanda kote isipokuwa mstari mmoja uliong'aa, unaona vidole vyako upande wa pili. Hapo ndipo mkasi ulipolala, umekula kila bakteria aliyekuwa karibu. Mara nyingi chini ya mstari huo kuna mwingine mwembamba, ni AcmA iliyopunguzwa mkia.

Njia nyingine isiyo na mbwembwe: unawaosha bakteria, unawaweka kwenye maji yenye chumvi za kudhibiti asidi, unapima ukungu kila saa. Mbegu inayopasuka, ukungu unashuka. Nyingine unaweza kwenda nyumbani, ukalala, ukarudi, iko vilevile.

Kwenye jibini yenyewe ukungu haupimiki, kwa hiyo watu wanatafuta kimeng'enya cha ndani ya seli, kwa mfano kile kinachotengeneza asidi laktiki. Ukikikuta nje, jua ukuta umekwenda.

---

Masisi243

Jambo kwenu wote. Mimi niko Goma. Huku kwetu fromaji ya Masisi ni ya aina hiyo ya Gouda, mapadri Wabelgiji ndio waliileta, na watu wanaitengeneza mpaka leo kule milimani. Swali langu ni ya kazi: nitajuaje kama mbegu yangu ni ya kupasuka au ya kukaa? Kwenye pakiti haijaandikwa.

---

MkamuajiNjombe

Masisi karibu sana, hizo zenu nimezisikia sifa. Kweli kwenye pakiti huandikiwi. Lakini wenye viwanda vya kalcha wanajua mbegu zao. Uliza waziwazi: hii imewahi kutoa jibini chungu? Inapasuka wiki ya ngapi? Kuna mbegu mbili maarufu kwenye utafiti wa Cheddar, jibini ya Kiingereza, AM2 na HP. AM2 inapasuka mapema, HP inachelewa, na jibini ya AM2 inakuwa na asidi amino huru nyingi zaidi. Zote ni *Lactococcus*, zote zinachachusha maziwa. Mtu akikuuzia kwa kigezo cha kuchachusha tu hutaona tofauti mpaka wiki ya saba, ukiwa umeshalipia kila kitu.

---

Darubini

Hapo kwenye AM2 niongeze kidogo, kwa sababu AcmA si mkasi pekee. AM2 ina virusi waliolala ndani ya jeni zake. Joto la kupikia likipanda kufika nyuzi 38 mpaka 40 wanaamshwa, na virusi wa bakteria nao wana mkasi wao wa kutokea nje. Kwa hiyo mbegu hiyo inapasuka zaidi ikipitishwa kwenye joto kuliko ikikaa nyuzi 32. Kuna mbegu zinazoua jirani pia: moja inatoa sumu ndogo ya protini, ya jirani inatobolewa, mikasi yake inafanya mengine.

---

Mama_Ndizi

Samahani nauliza kama mjinga. Kwenye matangazo ya yogati kila siku wanasema bakteria hai, hai, hai. Sasa ninyi mnasema wafe. Tumfuate nani?

---

Darubini

Si ujinga mama, ni swali la maana. Yogati unaila ndani ya wiki chache na hakuna anayesubiri protini ivunjike miezi sita. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka angalau bakteria milioni 10 hai kwa gramu, kwa hiyo huko akijipasua ni hasara. Jibini ya kukomaa ni biashara nyingine. Na hata huko usitake wafe wote asubuhi ya kwanza, nani atatengeneza asidi? Unataka wengine wapasuke, wengine waendelee.

---

MbishiKidogo

Mimi sijashawishika. Mkuu umesema mwenyewe reneti ndiyo inaleta magogo. Je, kama ulizidisha reneti tu? Au chumvi ilikuwa kidogo? Sisi tulifundishwa chumvi ikipungua jibini inakuwa chungu, basi. Mnatuletea AcmA wakati tatizo liko kwenye beseni la maji ya chumvi.

---

MkamuajiNjombe

Mbishi una hoja na nitakubali hadharani. Chumvi kweli inapunguza kasi ya kukatwa kwa beta-kasini, ndiyo ile inayozaa vipande vichungu zaidi. Na nilipoanza kurekebisha nilifanya kosa la kimaskini: nikapunguza reneti, nikabadilisha kalcha, nikapandisha joto la maji ya kuoshea, vyote wiki moja. Jibini ikatoka nzuri, na sikujua nimshukuru nani.

Nikarudia kwa akili. Maziwa ya asubuhi moja, nikayagawa matanki mawili. Reneti ileile, joto lilelile nyuzi 36, jibini zote ndani ya beseni moja la chumvi kwa saa zilezile, rafu moja ya stoo. Tofauti ni kalcha tu: tanki A mbegu ya zamani, ile isiyokufa ovyo, tanki B mbegu mpya ambayo muuzaji wake alinihakikishia inapasuka mapema. Nikachora herufi kwenye ganda kwa kisu.

Wiki ya tatu mke wangu hakutofautisha. Wiki ya nane nilimpa vipande vinne vimechanganywa, amefumba macho. Viwili akavitema kwenye kiganja. Vyote viwili ni A.

---

MbishiKidogo

Onjo moja la mkeo si utafiti. Lakini sawa, beseni limeachiwa huru.

---

Masisi243

Na kama nina mbegu moja tu, siwezi kubadilisha? Njia ya Rwanda inafungwa mara kwa mara, tunatumia kile kipo.

---

Darubini

Unaweza kumleta msaidizi. *Lactobacillus helveticus*, yule wa jibini za Kiswisi, ana visu vingi vya ndani na vikali. Watu wanamdhoofisha kwanza, kwa joto la ghafla au kwa kumgandisha, ili asiweze tena kutengeneza asidi na kukuharibia mizani, kisha wanamwongeza kidogo kwenye maziwa pamoja na mbegu ya kawaida. Anaingia kwenye jibini akiwa nusu mfu, anapasuka, visu vinatoka. Ni njia inayojulikana ya kuondoa uchungu.

Usijaribu kutia ute wa yai ukidhani laisozaimu itakupasulia mbegu. Waitaliano wanaotengeneza jibini ya Grana Padano wanatumia laisozaimu, lakini lengo lao ni bakteria mharibifu, *Clostridium*, anayepulizia jibini gesi mpaka inapasuka. Mbegu nyingi za maziwa zinaivumilia kiasi, na ukikosea kipimo unapunguza asidi.

---

MkamuajiNjombe

Nimeongeza msaidizi wa aina hiyo toleo la mwezi uliopita. Iko wiki ya tano, nimeonja jana, kuna utamu wa karanga kwa mbali ambao sijawahi kuupata. Nitarudi hapa ikifika wiki ya kumi, picha zitakuwepo mtandao ukiruhusu.

---

Mama_Ndizi

Zile 14 chungu ulizitupa kweli zote? Mimi nafuga nguruwe Makambako.

---

MkamuajiNjombe

Mama, kumi nilizifukia. Nne ziko nyuma ya stoo mpaka leo, mwaka wa pili huu. Mwezi wa sita nilikata moja kwa udadisi tu, uchungu umepungua karibu wote. Njoo na gunia, mbili ni zako.